Funguo za Zamani Hazijirekebishi

Msimu uliopita wa korosho, kijana mmoja anayetunza kompyuta za taasisi fulani Ruangwa alinipigia simu jioni. Nyuma yake nilisikia lori likipiga honi na watu wakihesabu magunia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Habari za huko?"

"Huku salama, ila seva inatusumbua. Tangu tuipandishe toleo na kuiwekea masasisho ya usalama, mashine za ghalani haziingii. Zinakataliwa."

Nilimwomba anisomee maneno ya kwenye skrini kama yalivyo. Akasoma: EE certificate key too weak. Maana yake cheti ambacho mashine ya ghalani inajitambulishia kina ufunguo dhaifu kuliko kiwango ambacho seva sasa inakubali. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata dawa, akaniambia ameona kuna mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Ukishusha namba kutoka 2 hadi 1, kila kitu kinarudi kama zamani. Alichotaka kwangu ni baraka tu.

Sikumpa. Nilimwambia anivumilie hadi asubuhi, na usiku ule mawazo yangu yakarudi Nachingwea, Mei mwaka 2008.

Mwaka huo nilikuwa fundi wa kompyuta wa taasisi moja yenye ofisi kuu Nachingwea na tawi Ruangwa. Intaneti tuliipata kwa dishi la setilaiti lililofungwa juu ya bati. SEACOM, mkongo wa baharini uliotufungulia njia, ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ulikuwa bado haujatandazwa. Kasi yetu ilitosha barua pepe za watu wachache; wingu likijaa upande wa Masasi, hata hizo zilikwama. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, tuliipenda kwa kuwa haikuwa na malipo, na pia kwa kuwa ilitufuata kwa posta. Kampuni ya Canonical, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD za Ubuntu bure kwa yeyote aliyeandika anwani yake, hata kama anwani yenyewe ni sanduku la posta la Nachingwea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na makatibu wetu waliandikia barua humo. Kwenye seva tuliweka Debian, ambayo ndiyo mama wa Ubuntu.

Kila usiku seva ya Ruangwa iliifikia ya Nachingwea kwa ssh, programu ya kuingia kwa siri kwenye kompyuta ya mbali, ikakabidhi nakala ya kazi ya siku: majina, malipo, madeni. Haikuulizwa nywila, kwa sababu ilikuwa na ufunguo. Ufunguo wa namna hii ni faili mbili. Moja ni ya siri na haitoki kwenye mashine yake. Nyingine ni ya hadhara, unaipachika kwenye seva unayotaka ikutambue. Mwenye faili ya siri ndiye anayefunguliwa. Usalama wote unakaa hapo, kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kubuni faili ile ya siri, kwa kuwa ilizaliwa kutokana na namba za nasibu zisizokisika.

Tarehe 13 Mei 2008 Debian ilitangaza kwamba zinakisika. Luciano Bello, mwanachama wake kutoka Argentina, alikuwa amegundua kuwa kifurushi cha Debian cha OpenSSL, programu ambayo nyingine huitegemea kwa kazi za siri, tangu Septemba 2006 kilikuwa kikitengeneza funguo kwa nasibu ya jina tu. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ambayo Linux huipa kila programu inapoanza kufanya kazi, na kwa kawaida namba hiyo haikuvuka 32,768. Kwa hiyo, kwa kila aina na urefu wa ufunguo na aina ya mashine, funguo zote zilizoweza kuzaliwa zilikuwa kama elfu thelathini na mbili hivi. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuzitengeneza zote, akazibeba kwenye flashi, akazijaribu moja moja. Haikupita muda H D Moore wa Metasploit, zana ya kupima udhaifu wa mifumo, akazitoa hadharani, kila mtu achukue.

Chanzo cha yote hayo ndicho kilichonikalia kichwani usiku wa simu ya Ruangwa. Hakukuwa na mwizi wala jasusi. Kuna zana iitwayo Valgrind, kazi yake ni kulalamika programu inapotumia sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ambayo haijaandikwa kitu. OpenSSL ilikuwa ikilalamikiwa. Mtunzaji wa kifurushi akatafuta mistari inayoleta lalamiko, akawauliza waandishi wa OpenSSL, akajibiwa kwa namna ambayo haikumzuia, akaiondoa. Lalamiko likanyamaza. Mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza nasibu yote kwenye chungu. Tangu siku hiyo programu ilifanya kazi bila kelele, funguo zikatoka, milango ikafunguka na kufungwa, kwa miezi ishirini, na hakuna mtumiaji aliyeona tofauti. Simlaumu sana yule mtunzaji. Aliuliza kwanza, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi.

Sasisho lenyewe lilichukua usiku kucha kushuka kwenye laini yetu. Lilikuja na orodha nyeusi ya funguo mbovu, na ssh ikaagizwa isimfungulie yeyote anayekuja na mojawapo. Asubuhi nilikuta nakala ya Ruangwa haijaingia. Faili la matukio kwenye seva ya Nachingwea lilisema wazi: ufunguo uliokuja uko kwenye orodha nyeusi.

Mkuu wa ofisi aliposikia, swali lake lilikuwa moja. "Jana ilikuwa inafanya kazi?" Nikasema ndiyo. "Basi irudishe ya jana."

Swali lile nimelisikia mara nyingi baadaye, kwa wakuu wengine na katika miji mingine, na sijawahi kuona ni la kipumbavu. Mtu anayelipa mishahara anapima kitu kwa kazi yake. Kwake kufuli linalofunguka ni zima na lisilofunguka ni bovu. Ugumu wa fani yetu ni kwamba kwenye funguo mambo yako kinyume: jana ndiyo siku tuliyokuwa na ubovu, na leo tumeuona. Nilimweleza kwamba seva haijaharibika, inakataa. Akaniuliza inamkataa nani. Inawakataa watu wetu, mzee, kwa sababu haiwezi tena kuwatenga na watu wasio wetu. Alinitazama, akanipa siku chache.

Kwenye sasisho lile kulikuwa na programu ndogo ya kukagua, ssh-vulnkey. Unaiambia ipite akaunti zote, nayo inaandika mbele ya kila ufunguo hali yake. Niliiendesha nikiwa nimesimama. COMPROMISED, ikaandika, kwa herufi kubwa, yaani ufunguo huo si wa kuaminika tena. Kisha tena. Kisha mstari mmoja uliosema ufunguo hauko kwenye orodha, kisha COMPROMISED tena. Nilikaa.

Kilichonishtua zaidi ni majina. Kulikuwa na ufunguo wa mfanyakazi wa kujitolea aliyekwisha kurudi kwao Ulaya. Kulikuwa na wa fundi aliyekuja mara moja kufunga printa ya mtandao. Kulikuwa na uliojiita root@localhost, yaani wa mtu yeyote na wa hakuna mtu. Getini mlinzi wetu alikuwa na kitabu cha wageni. Huingii bila kuandika jina, saa na unayemwona, hata ukiwa umeleta maandazi. Kwenye seva iliyobeba madeni na malipo ya watu wa wilaya mbili, wageni walikuwa wameingia na kuachiwa funguo, na kitabu hakikuwapo. Sasisho haliwezi kukufanyia kazi hiyo. Linaziba tundu ambalo funguo mbovu zilitokea, basi. Zilizokwisha kutoka zinabaki pale zilipo, kwenye kompyuta mpakato za watu, kwenye flashi, kwenye seva nyingine usizozijua, na haziamki asubuhi zikiwa nzima.

Ikabidi kuzifuata. Handaki la OpenVPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti kati ya Nachingwea na Ruangwa, lilikuwa na ufunguo mmoja wa siri wa pamoja, nao ulikuwa umezaliwa kwenye Debian ileile. Mpya sikuweza kuupitisha kwenye njia ambayo siiamini, na barua pepe ilikuwa wazi kuliko njia. Niliuweka kwenye flashi, flashi nikaitia mfukoni, nikapanda pikipiki. Mvua za masika zilikuwa zinaishia, na barabara ya Ruangwa ilikuwa bado ina madimbwi mekundu ambayo dereva aliyajua moja moja. Watu wanaodhani usalama wa mitandao ni kazi ya kukaa kitini wangefaidika kupita barabara ile Mei.

Kisha yakaja ya alama, yaani muhtasari mfupi ambao ufunguo hutambuliwa nao. Seva zilipopata funguo mpya za kujitambulisha, kila mashine iliyoijua sura ya zamani ilipiga kelele kwamba mwenyeji amebadilika na huenda mtu anafanya jambo baya. Njia ya mkato inajulikana: unafuta mstari wa zamani, unaandika yes, unaendelea. Lakini siku ambayo dunia nzima imejua funguo zako zinakisika ndiyo siku ambayo hupaswi kuandika yes kwa mazoea. Kwa hiyo nilipokwisha kurudi Nachingwea nilimpigia simu mhasibu wa tawi, nikamwambia andika hivi kwenye skrini nyeusi, sasa nisomee. Alama ya ufunguo wakati huo ilikuwa jozi kumi na sita za tarakimu na herufi kutoka a hadi f. Kwenye simu ya mkononi yenye mtandao wa kukatika, b na d ni herufi moja. Tukakubaliana: Arusha, Bagamoyo, Chalinze, Dodoma. E haikupata mji, tukaiita embe, na F ikawa fisi. "Tatu Arusha, fisi saba, embe embe..." Watu waliokuwa ofisini kwake walicheka. Vocha ilikatikia kwenye jozi ya kumi na moja, akatumwa mtoto dukani, tukaanza upya.

Tulipomaliza, nilikuwa na uhakika kwamba ninayezungumza naye ni seva ya Ruangwa na si mwingine, na uhakika huo sikuupata kwa kompyuta. Niliupata kwa sauti ya mtu ninayemfahamu. Mpaka leo sijaona teknolojia iliyofuta haja hiyo, zipo zilizoificha.

Fundi mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akitusaidia kwa mbali ndiye aliyenifundisha sehemu ngumu zaidi, ingawa si kwa kupenda. Alisema ufunguo wake haumhusu mtu, ameutengeneza kwenye mfumo mwingine kabisa, si Debian. Kwa wenye funguo za aina ya RSA hoja hiyo ilisimama. Wake ulikuwa DSA. Ufunguo wa DSA kila unapotia sahihi huhitaji namba mpya ya siri ya nasibu. Anayeweza kuikisia namba ile kwenye sahihi moja tu, anaukokotoa ufunguo wote. Yeye alikuwa akiutumia kutoka kwenye kompyuta yenye Ubuntu 7.10, toleo lililokuwa na kasoro ileile. Ufunguo mzima ulikuwa umeharibikia safarini. Tulibishana kwa simu hadi giza likaingia. Hakukubali kwa maneno, lakini alipokuja kusini wiki iliyofuata alinikabidhi ufunguo mpya kwenye flashi bila kusema kitu, nami sikusema kitu.

Aliyebaki ni mtumishi mmoja aliyekuwa amehamishiwa Liwale. Ufunguo wake niliukata, naye hakujua kutengeneza mwingine. Ilitakiwa mtu aende. Niliomba nauli. Jibu lililotoka ofisi ya juu ni kwamba hakuna fedha ya kusafiri kwa ajili ya namba, arudishiwe ule wa zamani kwa muda. Kwa muda! Nimeshaona vitu vingi vya muda katika seva za nchi hii, vingine vina umri wa kuoa. Sikuurudisha. Mtumishi yule alikaa bila njia, akinilaumu, mpaka alipopata shughuli zake Nachingwea akapita.

Baadaye nilianza kufuatilia habari za funguo hizi kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Mwaka 2012 watafiti, akiwemo Nadia Heninger, walichunguza vifaa vilivyo kwenye intaneti wakakuta ruta na vifaa vingine vingi vina funguo zinazofanana au zinazovunjika kwa urahisi, kwa sababu vilizitengeneza vilipowashwa mara ya kwanza, kabla havijakusanya nasibu ya kutosha. Mwaka 2015 mtafiti mwingine, Ben Cox, alikagua funguo za hadhara za watumiaji wa GitHub na kukuta zile za Debian, miaka saba baada ya tangazo, bado zinafungua. Mwaka 2024 Hanno Böck alikuta funguo za mtindo huohuo zikitumika kuthibitisha barua pepe, na baadhi ni za kampuni kubwa ambazo mimi nilidhani zina watu wa kulala macho. Miaka kumi na sita! Nachingwea hatukuwa nyuma kiasi kile tulichoambiwa.

Asubuhi nilimpigia kijana wa Ruangwa. Nilimweleza kwanza kwamba tatizo lake si lile la 2008. Sisi funguo zetu zilikuwa na urefu wa kutosha ila zilikisika. Za kwake zilizaliwa vizuri ila ni fupi, biti 1024, kwa sababu aliyeziweka miaka hiyo alinakili amri ya zamani bila kuitazama. Nilimwambia pia ukweli wote, kwamba hakuna aliyetangaza hadharani kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 1024 uliozaliwa vizuri. Rekodi iliyotangazwa Februari 2020 ni biti 829. Lakini wenye viwango, NIST ya Marekani wakiwemo, walishaacha kuukubali tangu mwisho wa 2013, na Debian iliweka biti 2048 kuwa kima cha chini tangu toleo la 10 mwaka 2019. Seva yake ilikuwa imechelewa kuambiwa.

"Sasa mjomba, mnada wa keshokutwa?" Swali la haki. Minada ya korosho siku hizi inapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX, na ghala lisilotoa takwimu zake linachelewesha watu pesa zao. Kuna wakati kushusha kiwango kwa muda ni lazima, mathalani ukiwa na kifaa ambacho kiwanda chake kimekufa. Ukishusha, shusha kwa huduma hiyo moja tu, andika tarehe ya kurudisha, na mtu mwingine aijue tarehe hiyo. Lakini yeye hakuwa na kifaa kilichokufa. Alikuwa na mashine nzima na vyeti vya kizembe. Nilimuuliza mashine zote zenye vyeti hivyo zipo wapi. Kimya. Nikamwambia aanzie hapo.

Alitengeneza vyeti vipya vya biti 3072, akavipeleka mwenyewe ghala kwa ghala, na mnada ukakuta mashine zinaingia. Siku kadhaa baadaye akanipigia akicheka: kuna kompyuta imejitokeza kwenye ofisi ya chama kimoja cha msingi, haimo kwenye orodha yoyote, ina cheti cha zamani, na ilikuwa ikiingia kwenye seva kila siku. Hakuna anayekumbuka nani aliiweka. Angeshusha ile namba, isingejitokeza kamwe.

Ndani ya seva kama ile kuna jina la mkulima, simu yake, akaunti yake ya benki na kilo zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayezishika azilinde. Kwa wenye kushika mafungu ya fedha katika halmashauri, vyama vya ushirika, hospitali na shule za kusini, ombi langu ni dogo. Mwulizeni fundi wenu orodha ya kila ufunguo unaofungua seva yenu, nani anao na uko wapi. Kama hana, mpeni siku za kuiandika. Na akija kuomba nauli ya kwenda Liwale kwa ajili ya namba, mpeni.